Sinia la Tatu Haliingii

Kazi ya Fundi Milimita ilikuwa kutengeneza miji midogo ya mezani, ili wakubwa wauone mji kabla hawajauvuruga ule wenyewe. Modeli, ndivyo zilivyoitwa. Nyumba za karatasi ngumu, barabara za plastiki nyembamba, bahari ya kioo kilichopakwa rangi upande wa chini. Kwa miaka thelathini hakuna daraja, soko wala hospitali iliyojengwa mjini pale bila kupita kwanza mikononi mwake ikiwa na ukubwa wa boksi la viatu. Jina la utani alipewa na wateja, kwa sababu kila ulipomwambia kitu kinakaribia kutosha, alikuuliza kinakaribia kwa milimita ngapi. Watu wa namna hiyo wanachosha kuishi nao, na mkewe hakulificha hilo.

Mkewe huyo ndiye aliyekuwa mtengeneza miti. Alisaga sponji kuukuu, akaichovya kwenye rangi ya kijani, akaianika kwenye sinia la bati, kisha akaibandika kwenye vijiti. Kwa hesabu yake mwenyewe alishapanda miti mingi kuliko idara ya misitu, na yote ilikuwa hai mpaka mzungumzaji fulani wa mikutano alipoiegemea kwa kiwiko.

Mtu wa tatu katika habari hii ni dada yake fundi. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka sita na dada kumi na saba, na dada hakusubiri kikao cha ukoo. Aliacha shule, akaingia kiwanda cha kushona sare, akamlea mdogo wake kwa cherehani. Nyumba ya kwanza ambayo fundi aliwahi kuitengeneza aliikata kwa mkasi wa dada, kwenye karatasi ya kukatia suruali. Dada aliitazama, akampiga kikofi kwa sababu ya karatasi, kisha akaiweka juu ya kabati ikakaa miaka minane.

Dada aliishi, na bado anaishi, ghorofa ya nne ya jengo la wafanyakazi lililopakana na barabara ya juu. Barabara hiyo mnaijua, au mnaijua nyingine kama hiyo: njia nne za magari zilizobebwa na nguzo za zege, zikipita kati ya mji na bahari kama mtu mwenye mabega mapana aliyesimama mbele yako kwenye sherehe. Iliyapita madirisha ya jiko la dada kwa umbali wa hatua nane na kwa kimo kilekile. Ukiosha vyombo uliwaona madereva wakipiga miayo. Watoto waliokulia jengo lile walikuwa na tabia ya kukatiza neno katikati lori linapopita, kisha kulimalizia, hata wakiwa mahali ambapo hakuna lori. Dada alilala na pamba masikioni kwa miaka thelathini na nane.

Na sasa barabara ilikuwa imezeeka. Nondo zilitoka nje ya zege kama mbavu. Mwaka uliopita bonge la ukubwa wa mto wa kulalia lilidondoka juu ya gari lililoegeshwa, na ni bahati tu kwamba mwenye gari alikuwa dukani. Mji ulibishana kwa miaka kumi na miwili: wapo waliotaka ijengwe upya palepale, wapo waliotaka ibomolewe ibaki barabara ya chini yenye miti, na wapo waliotaka magari yapitishwe chini ya ardhi kwenye handaki, pwani ibaki ya watu. Kila mkutano ulizaa kamati na kila kamati ilizaa chai.

Dada alikuwa mtu wa handaki, na si mtu wa handaki hivihivi. Alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, na alipanda ngazi za majengo sita akigonga mlango kwa mlango, na goti lake lile bovu, mpaka akapata saini mia tatu na kumi. Alitaka afungue dirisha moja tu, mara moja tu kabla hajafa, asikie maji. Alivyolisema jambo hilo hata wapinzani wake walikohoa na kutazama chini.

Basi idara ya barabara ikaamua kwamba Jumamosi fulani, saa tatu asubuhi, wananchi wataonyeshwa mipango yote mitatu kwenye ukumbi wa mji, wajumbe wa halmashauri wapige kura, ubishi uishe. Fundi akapewa kazi ya modeli. Alitengeneza mji wote wa pwani kwenye meza ndefu kuliko kitanda, na ufuo akauacha wazi. Kila mpango ukawa kwenye sinia lake: ukitaka kuona wa kwanza unaweka sinia la kwanza, ukitaka wa pili unalitoa na kuweka la pili. La tatu lilikuwa la handaki.

Kila fundi ana ugonjwa wake. Ugonjwa wa fundi huyu ulikuwa kutoziamini ramani. Kabla ya kukata karatasi, alikwenda na futi yake ya utepe kupima mahali penyewe, hata kama ramani ina mihuri sita. Jumatatu ya wiki ile, saa nne asubuhi, alipima nyuma ya jengo la dada, kutoka ukutani hadi ukuta wa maghala ya bandari. Ramani ilisema mita arobaini. Futi ikasema thelathini na tatu. Akapima tena akianzia upande wa pili, na futi ikashikilia neno lake.

Akainua macho, akaelewa. Miaka thelathini nyuma kila familia ya jengo lile iliongezewa jiko na chumba kwa upande wa baharini, kwa kibali na kwa saini zote. Ila habari hizo hazikuwahi kuwafikia wachora ramani. Kwenye karatasi za serikali, jiko la dada halikuwepo. Na mdomo wa handaki, lile shimo la mteremko ambamo magari yangezamia, ulihitaji mita thelathini na nane.

Alikwenda moja kwa moja kwa mhandisi wa idara ya barabara, mwenye michoro. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kazi yake. Mtengeneza modeli anafundishwa kwamba alichokiona kwenye michoro ni siri ya mwenye michoro mpaka siku ya kufunuliwa. Miaka thelathini alishika mwiko huo. Hata haikumjia akilini kwamba mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa juu ya kichwa chake, ghorofa ya nne, akimenya viazi.

Mhandisi hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye macho mekundu, ambaye kwa miaka kumi na miwili aliwaambia watu kwamba barabara itaanguka na watu wakamjibu kwa kuunda kamati.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Nimepima mara mbili, bosi. Majiko manane na vyumba vinane."

Mhandisi akainuka na kufunga mlango. "Nisikilize, fundi. Jumamosi wakiona nyumba hata moja inaguswa, wataahirisha. Wakiahirisha ni miaka mingine sita. Ile barabara haina miaka sita. Mimi nimeingia ndani ya zile nguzo, wewe hujaingia. Tupige kura kwanza, michoro tutairekebisha baadaye."

"Mtairekebisha vipi? Maghala hayasogei."

"Tutaona."

"Na wakazi?"

"Watalipwa fidia. Fundi, wewe tengeneza modeli kwa ramani. Ramani ndiyo ya serikali, futi yako siyo."

"Dada yangu anakaa pale," fundi alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Basi unajua kuliko wote jinsi anavyoteseka na ile barabara," mhandisi alijibu, na ubaya wa jibu hilo ni kwamba lilikuwa kweli.

Fundi alirudi karakana. Akatengeneza jengo la dada kama ramani ilivyotaka, bila majiko. Kisha, hakujua kwa nini, akatengeneza jingine, la kweli. Tofauti kati yao ilikuwa milimita kumi na nne. Mkewe alikuja na miti yake, akayaona majengo mawili pale ambapo palitakiwa moja, akashika kiuno. Ilibidi amweleze.

"Mwambie wifi yangu," alisema mke.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumatano ninakula kwake."

"Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Na mimi, mume wangu, maneno laini sina."

Jumatano alikwenda. Alipanda ngazi akiyapanga maneno, kila ghorofa neno lake, lakini alipofika juu yote yalikuwa yameyeyuka. Dada alikuwa amevaa miwani, karatasi mkononi, amesimama palepale jikoni kana kwamba sufuria ndizo wajumbe.

"Kaa, mdogo wangu, kaa! Nimepewa nafasi ya kwanza kusema. Wa kwanza kabisa! Nisikilize, uniambie kama nimezidisha."

Akaanza. Lori likapita, akasubiri, akaendelea. Alisema habari ya masizi kwenye nguo zilizoanikwa, ya mjukuu aliyekuwa anakohoa, ya marehemu mumewe aliyeomba katika ugonjwa wake angalau saa moja ya kimya na asiipate. Fundi alikula bila kuonja. Mara tatu alifungua kinywa. Mara ya kwanza lori likapita. Mara ya pili dada alicheka, na kucheka huko hakukuwa kumesikika mle ndani tangu msiba wa mumewe. Mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote, alishikwa na woga tu, na hilo lisemwe wazi.

"Mbona umenyamaza?" dada aliuliza. "Ni mbaya?"

"Ni nzuri, dada. Ni nzuri sana."

Nyumbani alimdanganya mkewe kwamba amesema. Mke alimtazama kwa muda kidogo, akaendelea kukata sponji. Ijumaa aligundua uongo huo kwa sababu dada alipiga simu akiimba.

"Kesho kabla ya kura uwe umemwambia," alisema mke, bila kupandisha sauti. "Baada ya hapo usinitazame."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Meza iliwekwa mbele, na juu yake kamera iliyoirusha modeli kwenye pazia jeupe, ili walio nyuma waone. Fundi aliliweka jengo lisilo na majiko mahali pake. Hakulipaka gundi. Lile la kweli lilikuwa mfukoni, limefungwa kwa leso, na mkono wake haukutoka mfukoni humo.

Dada aliingia na wapangaji wenzake kumi na wawili, wamevaa kama waendao harusini. Moja kwa moja mezani. "Huyu ndiye mdogo wangu," alitangaza. "Huu mji wote kautengeneza kwa mikono hii. Njooni muone kwetu." Akainama, akalitafuta jengo, akalipata, akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole bila kuligusa. Kidole kikasimama.

"Mbona jiko langu silioni?"

Mhandisi alikuwa hatua mbili pembeni, anapanga karatasi zake, na karatasi zilisimama.

"Ni... ni mambo ya vipimo, dada. Vitu vikifanywa vidogo..."

"Aa," alisema dada. Akawageukia wenzake. "Vikifanywa vidogo vinapunguka. Yeye ndiye mtaalamu, msimbishie."

Wakaenda kukaa. Ingekuwa heri angembishia. Angemtukana, angemwita kanjanja mbele za watu, fundi angepumua. Lakini alimwamini hapohapo, bila hata kufikiri.

Mwenyekiti wa mkutano, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akagonga meza. Mhandisi akaanza. Sinia la kwanza: barabara ya juu mpya, palepale, nene zaidi. Ukumbi ukaguna. Fundi, na glovu zake nyeupe, akalitoa. Sinia la pili: barabara ya chini na miti ya mkewe. Wenye maduka wakapiga makofi, wenye malori wakazomea, mwenyekiti akagonga meza mara nne.

"Na sasa mpango wa tatu," alisema mhandisi, "ambao, ndugu wananchi, hauvunji nyumba hata moja."

Aligeukia pazia, mgongo kwa meza. Dada alishasimama kwenye kipaza sauti cha wananchi, karatasi mkononi, anasubiri zamu yake. Mkewe fundi alikuwa safu ya tatu na hakumtazama mumewe. Fundi alitoa sinia la pili. Mti mmoja ukaanguka baharini. Kisha akapiga moyo konde: akaling'oa jengo la ramani, akafungua leso, akaweka lile la kweli. Kwenye pazia watu wote waliuona mkono mweupe mkubwa ukifanya kazi hiyo, na hawakuelewa.

Akaliteremsha sinia la tatu. Upande wa bandari likakaa vizuri. Upande wa mji likagota juu ya majiko, likabaki limeinama.

"Fundi," mhandisi alisema bila kugeuka, akiutazama mwinamo huo kwenye pazia, "libonyeze kidogo."

"Haliingii."

"Libonyeze tu, litaingia."

"Nikilibonyeza nitavunja jiko la dada yangu."

Alilisema taratibu, lakini kipaza sauti cha mezani kilikuwa wazi. Malori ya nje yakasikika mpaka ukumbini. Mhandisi aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa wa mtu aliyebeba kitu kwa umbali mrefu sana kisha kikamponyoka mlangoni.

"Mama mwenyekiti, hiyo ni hitilafu ya modeli," alisema.

"Si hitilafu," alisema fundi. "Nyuma ya jengo lile pana mita thelathini na tatu. Handaki linataka thelathini na nane. Ramani haina majiko, lakini majiko yapo. Manane. Na vyumba vinane."

"Nani kapima?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi. Jumatatu, saa nne asubuhi. Mara mbili."

Kelele zilizolipuka hapo sitazieleza, kila mtu amewahi kusikia ukumbi ukichafuka. Waliotaka barabara ya juu walishangilia kana kwamba wamefunga goli. Mmoja wa wapangaji alilia kwa sauti. Fundi hakuwaona. Alimwona dada peke yake, ambaye hakupiga kelele wala hakukaa. Alivua miwani akaikunja. Alisubiri mwenyekiti agonge meza mpaka watu watulie, kwa maana zamu ilikuwa yake.

"Jumatatu," alisema kwenye kipaza sauti. Hakuwa anamsemesha mwenyekiti. "Jumatano ulikuwa mezani kwangu."

"Ndiyo, dada."

"Nilikusomea hotuba hii yote."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema alitaka kuwa na uhakika kwanza. Angeweza kutaja mwiko wa kazi, au malori. Yote aliyafikiria.

"Nilikuwa najua," alisema.

Dada alitikisa kichwa polepole. Kisha akamgeukia mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ileile ya kiwandani, ya kusikika juu ya cherehani mia.

"Mama mwenyekiti, naomba iandikwe. Mhandisi alijua. Mdogo wangu alijua. Wifi yangu yule pale, naona anavyoinama, alijua. Asiyejua ni mimi, niliyepanda ngazi za majengo sita nikikusanya saini za kuvunjiwa nyumba yangu mwenyewe. Na iandikwe pia kwamba ile barabara bado siitaki. Iondoeni. Lakini anayekuja kuchukua jiko langu apande ngazi, agonge mlango, aniulize mimi. Nimemaliza."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba. Kura haikupigwa. Mwenyekiti aliamuru pwani yote ipimwe upya kwa futi na si kwa ramani, na mipango yote mitatu irudishwe mezani baada ya hapo. Baada ya hapo maana yake nini, hakusema.

Watu walipokuwa wanatoka, mhandisi alipita kando ya meza kuchukua kalamu yake. "Ikianguka kabla hawajamaliza kupima," alisema chini kwa chini, "wewe na mimi ndio tutakaojua." Akaondoka. Barabara bado imesimama, na malori yanapita.

Alimkimbilia dada mlangoni, glovu bado mkononi. Wapangaji walikuwa wamemzunguka, mmoja amemshika mkono. Walipomwona fundi walitazama pembeni, isipokuwa dada.

"Dada, nisamehe."

"Sijakataa."

"Nije kesho?"

"Usije."

"Keshokutwa?"

Dada alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama alivyokuwa akimtazama zamani asubuhi kabla ya shule, kuona kama vifungo vyote vimefungwa.

"Wewe ulichukua siku tano, mdogo wangu," alisema. "Na mimi niache nichukue zangu."

Akashika ukuta kwa ajili ya goti, akaanza kuteremka ngazi na wenzake.